Papa, Umefunga?

Bugarama, 20 Septemba 2002

Kwa binti yangu Umwali, mama yangu mdogo,

Nakusalimu salamu ya nyumbani, ile ya kushikana mikono miwili. Kifua chako kinaendeleaje? Baridi ya Giheke bado inakuonea, ama masista wamekupa ile blanketi ya pili? Mimi niko mzima. Maman yako pale Kamembe ni mzima pia, cherehani yake tu ndiyo inakohoa.

Sasa kama umesimama, kaa. Nimenunua gari. Si taxi, si pikapu. Ni lori lile lisilo na kuta, batu ba Kamembe banaliita plato. Liko kama meza inayotembea. Nimeuza karakana yote, nyundo, mikasi, hata ile mashine ya kukunja mabati uliyokuwa unaikimbia ukiwa mutoto. Maman yako alilia siku mbili. Siku ya tatu akanishonea mto wa kukalia kwenye usukani.

Aliyeniuzia ni mzee Mulume wa Bukavu. Njia yake ya kwenda Uvira imefungwa na vita, anasema amechoka kuosha lori lisilokwenda popote. Mimi nimepanga chumba hapa Bugarama kwa sababu mzigo uko hapa: saruji, mchele, mbao. Nitakuwa napanda nyumbani kila ninapopeleka.

Wewe unajua niliendesha malori ya wenyewe kabla ya vita. Lakini yale yalikuwa na kuta. Unatupa mzigo ndani, unapiga mlango, kwisha. Hili mzigo wake unashikwa na mikanda na akili ya muntu, na akili hiyo mimi sina bado. Juzi nilibeba mbao nne. Nilipofika nilikuwa na mbili. Nikarudi nyuma nikakuta bibi mmoja amezikalia kando ya barabara, anasema Mungu amemletea benchi. Tulibishana mpaka nikamwachia moja.

Mulume alinipa kitabu chembamba cha kufunga mizigo. Kumbe ni Kifaransa kitupu. Mimi nilisoma Kiswahili kwa mwalimu wa madrasa, kwa Kifaransa najua bonjour, na najua kusimama polisi wakisema. Nakutumia hicho kitabu kwa mkono wa Patricie, yule muuza mchele anayekuja soko la Giheke. Nitolee ya muhimu kwa Kiswahili chetu. Tena kila mkanda umeshonewa kitambaa kidogo chenye maandishi. Nimeyachora herufi moja moja: CHARGE DE RUPTURE 2000 KG. Inasema nini?

Usiniambie unaona haya. Najua hausemi na batu. Kwa mdomo wewe ni jiwe, lakini kwa karatasi ni mwanasheria.

Papa yako,
Swedi


Giheke, 29 Septemba 2002

Papa wangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Mimi sijambo, kifua kimetulia, blanketi ya pili nimeipata ingawa ina harufu ya sabuni ya dawa. Mto wa Maman unakufaa? Mgongo je?

Kitabu nimekipata. Patricie hakuniita pembeni. Alisimama getini akapaza sauti mbele ya wasichana wote: "Wewe, mtoto wa shofele! Baba yako amekutumia mapenzi ya Kifaransa!" Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mpaka leo wananiita Mademoiselle Kamyo, yaani Bi Lori.

Lakini nilivyokisoma, Papa, nimekipenda. Sikujua kwamba mzigo unataka kutembea. Kitabu kinasema hivyo kabisa: ukifunga breki, lori linasimama, mzigo haujui, unaendelea na safari yake. Ukipanda mlima unataka kurudi nyuma. Ukikata kona unataka kwenda kando. Kwa hiyo unaufunga kwa kufikiria pande zote unazotaka kukimbilia, kama mtoto uliyemshika mkono sokoni. Uzito uwe katikati, usiupange upande mmoja. Mkanda usiguse kona kali ya chuma, weka kitu laini kati yake. Na baada ya kwenda mwendo mfupi, usimame ushuke ukaze tena, kwa sababu mzigo ukishatikisika unakaa sawa na mikanda inalegea. Hili wanasema madereva wengi hawalifanyi, wanaona uvivu.

Sasa hesabu. Jumlisha nguvu za mikanda yote uliyofungia. Ikifikia uzito wa mzigo, unaweza kutoka. Na maandishi uliyochora: charge ni mzigo. Kwa hiyo mkanda mmoja unabeba mzigo wa kilo elfu mbili, yaani tani mbili.

Ukurasa wa kumi na tisa nimeuruka, una majedwali tu. Kamusi ya shule yetu ni nusu, lakini nimejitahidi.

Papa, nimefurahi umeniuliza mimi.

Binti yako,
Umwali


Bugarama, 14 Oktoba 2002

Mama yangu mdogo, mwalimu wa malori,

Afya yako? Na masomo? Na hao wasichana wa kamyo, waambie wakija Bugarama nitawabeba bure, nitawafunga na mikanda minne.

Barua yako nimeibandika ndani ya kabini, juu ya kioo. Kila asubuhi naisoma kabla ya kuwasha. Kona kali nimezitafutia dawa, nimekata tairi kuukuu vipande vipande, naviweka chini ya mkanda. Nasimama kukaza baada ya mwendo mfupi. Shofele wengine wananipita wakipiga honi: "Mzee, umesahau nini?" Nawaambia nimesahau uvivu.

Nimepata muntu wa kufanya naye kazi. Anaitwa Nzabonimana, jirani yangu hapa, muntu mzima wa rika langu. Huyu alitembea msitu wa Kongo kwa miguu, mwaka wa tisini na sita kwenda, tisini na saba kurudi. Walikuwa sita nyumbani kwao, alirudi peke yake. Hasemi sana juu ya hilo. Anasema tu: "Miguu yangu imemaliza kuogopa." Tukipanda mlima na mzigo mzito, yeye anashuka, anatembea nyuma ya lori na gogo begani. Gari likikataa, analitupa gogo chini ya gurudumu lisirudi nyuma. Tukimaliza kufunga, mimi nasema Bismillahi, yeye anafanya ishara ya msalaba juu ya mikanda, anasema: "Haya, sasa imekazwa pande zote mbili."

Nikupe habari kubwa. Ntabaza, mwenye kinu cha mpunga, ameniomba nimpelekee mashine yake ya kukoboa Kamembe ikatengenezwe. Tani nne! Ni kazi ya kwanza ya chuma ninayopewa. Nikiifikisha salama, amesema kazi zake zote ni zangu. Maman yako ataacha kuniuliza habari za karakana. Tutaibeba Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Mikanda ninayo sita. Nimehesabu kama ulivyonifundisha: mbili na mbili ni ine. Miwili itaishika mashine kwa nyuma, minne itafunga magunia ya mchele kwa mbele.

Unaona? Nimekuwa mwanafunzi mzuri.

Papa yako,
Swedi


Giheke, 6 Novemba 2002

Papa,

Asalaam alaikum, na Ramadhani njema kwako na kwa Maman. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Hapa Waislamu tuko wanne, masista wanatuwekea uji wa daku.

Ninaandika haraka, Patricie anasubiri getini na leo ameahidi kutopiga kelele.

Papa, umefunga? Nijibu hilo tu. Najua una kazi nyingi na joto la Bugarama ni kali. Lakini nakuomba ufunge. Funga zaidi ya unavyoona inatosha. Kama ulikuwa hujafunga vizuri, si aibu kuanza upya.

Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.

Binti yako,
Umwali


Bugarama, 8 Novemba 2002

Mama yangu,

Ramadhani njema na wewe. Nimecheka. Maman yako amekutuma, eh? Kila shofele anayeshuka kutoka Kamembe anakuja na swali lake: "Mkeo anauliza kama umefunga." Sasa na Giheke wameanza!

Nimefunga, mama. Nimefunga sana. Nimefunga mpaka Nzabonimana ananionea huruma. Lala usingizi wako.

Kesho ndiyo siku ya mashine. Ntabaza amekuja mwenyewe kuitazama ikipandishwa, amelizunguka lori mara tatu kama ng'ombe wa kununua. Tuombee.

Papa yako,
Swedi


Giheke, 10 Novemba 2002

Papa,

Alhamdulillahi. Patricie amenipa barua yako leo, anasema aliondoka Bugarama jana alfajiri akakuacha unacheka na watu. Nimeisoma nyuma ya jiko mara mbili. Kumbe umefunga, tena umefunga sana! Hujui umenitua mzigo gani. Siku nne sikupata usingizi, jana usiku nililala mapema kwa uchovu tu, na leo nitalala kwa furaha.

Mashine imefika salama? Ntabaza amesemaje? Nisalimie Nzabonimana. Mwambie hata mimi nitamletea gogo jipya, zuri, la mkaratusi.

Binti yako mwenye raha,
Umwali


Giheke, 18 Novemba 2002

Papa,

Sijui nianze na salamu gani. Sikuulizi kama u mzima, naogopa jibu.

Leo Patricie alikuja. Alitembea kutoka getini mpaka kwenye veranda ya darasa letu na hakupiga kelele. Nilijua hapo hapo. Akanishika bega: "Mashine ilitoka kwenye lori pale mlimani. Mguu wa Nzabonimana umekatwa. Baba yako hana jeraha." Nikamwuliza, mashine ilifungwa mikanda mingapi? Akanitazama kama nimepata wazimu. "Wewe mtoto, nakuambia mguu, unaniuliza mikanda?"

Papa, ni mimi.

Ile kamusi ya shule niliyosema ni nusu, inaishia herufi P. Kurasa nyingine zilichomwa mwaka ule wa vita, watu walipolala humu madarasani, walizitumia kuwashia moto. Rupture iko kwenye R. Sikujua maana yake. Ningeweza kumuuliza Madame Antoinette, mwalimu wetu wa Kifaransa, ni mama mpole, lakini ningelazimika kuinua mkono na wasichana wageuke. Kwa hiyo nilitafsiri neno nililolijua, nikaliacha lile nisilolijua, nikakuandikia kama mtu mwenye uhakika. Ule ukurasa wa kumi na tisa hauna majedwali tu. Niliuruka kwa sababu neno hilo limejaa humo na nilichoka kuliona.

Siku ya tano Novemba msichana mwingine alimuuliza Madame neno hilohilo, lilikuwa kwenye somo. Madame alivuta uzi uliotokeza kwenye sweta yake, akauvuta mpaka ukakatika. Akasema: "Voilà. Rupture." Darasa likacheka.

Tani mbili si mzigo ambao mkanda unabeba. Ni mzigo ambao mkanda unakatikia. Nilikimbia kufungua ukurasa wa kumi na tisa. Umeandikwa: namba hiyo usiihesabu kamwe, hesabu theluthi yake. Kwa tani nne ni mikanda sita. Ulikuwa nayo sita, Papa. Minne ilishika mchele.

Nilikuandikia. Barua ya kwanza ilisema wazi: nimekosea, usitoke. Nikaichana. Ya pili nilisema huenda nimekosea. Nikaichana. Ile iliyokufikia ni ya nne. Kila nilipoandika upya aibu ilikula neno moja, mpaka likabaki swali: umefunga? Nilifikiri utarudi kuitazama mikanda, utaona mwenyewe ni michache, na mimi sitalazimika kusema. Ukajibu umefunga sana. Nikaamini umeongeza. Nikaandika habari za gogo la mkaratusi, wakati yeye yuko hospitalini.

Sielewi. Ulifunga vipi? Ulifunga sana vipi?

Usinijibu kwa upole, tafadhali.

Umwali


Kamembe, 18 Novemba 2002

Mama yangu mdogo,

Niwie radhi kwa mwandiko, naandikia gotini. Maman yako ni mzima. Mimi ni mzima, na ninaona haya kuandika neno hilo.

Sijui kama umesikia. Nataka usikie kwangu.

Ilikuwa Jumamosi, jua liko juu. Tumeacha tambarare, tumeanza mlima. Nilikuwa nimesimama kukaza kama barua yako inavyosema. Nzabonimana akashuka na gogo lake. Naona kwenye kioo anatembea nyuma, anaimba. Pale penye kona kali injini ikachoka, nikabadilisha gia, lori likashtuka. Mkanda ukakatika. Halafu wa pili.

Umwali, haukulia kama mkanda. Ulilia kama risasi. Paa! Na tena, paa! Batu wote waliokuwa wakilima kando ya barabara walijitupa chini. Wanawake walilalia batoto babo. Hakuna aliyeinua kichwa. Na mimi pia. Nilivuta breki ya mkono, nikalala chini ya usukani, mikono juu ya kichwa. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, kama tulivyokuwa tunahesabu miaka ile, kungojea risasi ya tatu. Nikasikia Nzabonimana anaita jina langu. Nikafikiri: wamempiga. Nikaendelea kulala. Sijui muda gani. Aliniita mara nyingi.

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye jembe. Akapiga kelele: "Si vita! Ni chuma! Ni chuma kimeanguka!" Ndipo batu wakainuka kwenye mihogo, mmoja hapa, mmoja pale, wakija mbio. Mashine ilikuwa imelala barabarani, mguu wa kushoto wa Nzabonimana uko chini yake. Gogo alikuwa amelishika bado.

Amekatwa juu ya goti. Miguu iliyovuka Kongo, Umwali. Nimekaa kitandani kwake siku tisa. Najiuliza kama ni kweli, naangalia shuka, upande mmoja umelala bapa, nasema bado sijaamka.

Lori liko kituo cha polisi. Ntabaza alikuja, akatazama, akaondoka. Lakini si hayo yananinyima usingizi.

Uliniuliza kama nimefunga. Nilikudanganya. Sikufunga hata siku moja. Niliandika ile barua yangu nina sahani ya wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele yangu, mchana mweupe. Nilisema mimi ni msafiri, nitalipa siku hizo baadaye, lakini kwako niliona haya kusema hivyo, nikaandika nimefunga sana ili unione baba mzuri. Nzabonimana alikuwa anacheka mbele yangu: "Swedi, mzigo umefunga, tumbo umeacha wazi."

Kesho yake ikatokea. Nimeona wazi kabisa. Mimi nilisema nimefunga, Mungu akafungua.

Usimwambie Maman yako. Ama mwambie. Sijui.

Papa yako


Kamembe, 27 Novemba 2002

Umwali,

Barua zetu zimepishana. Yangu ilikwenda na shofele wa minibasi, yako ikaja na Patricie, labda walipigiana honi njiani.

Umesema nisikujibu kwa upole. Sawa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitoka nje ya hospitali nikatembea mpaka sokoni na kurudi. Nilitaka kuja Giheke. Sijakuinulia mkono tangu uzaliwe, siku ile nilitaka. Nilikuwa nasema peke yangu njiani: neno moja! Angeniambia neno moja tu, silijui, Papa. Ningekwenda kwa padri, kwa daktari, kwa muntu yeyote.

Mara ya pili niliisoma nikafika pale uliposema, ulifunga vipi? Nikakaa chini sakafuni. Maman yako akafikiri nimeanguka. Nilikuwa sijakuelewa mpaka dakika ile! Mimi nilijua unauliza tumbo. Wewe ulikuwa unauliza lori. Neno lako ulilipeleka kwenye mikanda, mimi nikalipokea kwenye sahani, tena nikalijibu kwa uongo. Kama ningekuwa mkweli, kama ningeandika, "Hapana mwanangu, sikufunga, ninakula," ungeshtuka, ungeandika tena. Ungepiga kelele. Hata wewe.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Sisemi usibebe. Nasema si peke yako.

Nilimsomea Nzabonimana barua yako, kwa maana yeye hakusoma, na yangu niliyokutumia nikamwambia kwa mdomo. Kwangu pale chini ya usukani nilisema polepole, macho chini. Akasema: "Nilijua. Hata mimi ningelala." Basi. Kwako aliiacha chai yake ikapoa. Akasema: "Soma tena pale kwenye sweta." Nikasoma. Akageukia ukuta. Siku mbili chakula anachukua kwa Maman yako, kwangu hapana.

Siku ya tatu akaniuliza: "Yule mutoto ana mdomo?"

Nikasema: "Anao, ila hautumii."

"Basi aje nao. Karatasi mimi sizijui. Chuma hakikunivunja kwa barua, asiniombe msamaha kwa barua. Aje asimame hapa, aniambie mwenyewe, na mimi nitamwambia langu."

"Utamwambia nini?"

"Si kazi yako, shofele."

Sikulazimishi. Sijui atakuambia nini, na sitakudanganya tena kwamba nadhani itakuwa nyepesi.

Lori wamenirudishia. Ntabaza ametuma muntu kusema mashine ataipeleka na mwingine. Mikanda minne iliyobaki nimeichukua, na rangi nyekundu ya Maman yako ya kuwekea alama vitambaa, nikaandika juu ya kila mmoja, kwa herufi kubwa: THELUTHI.

Papa yako,
Swedi


Giheke, 28 Novemba 2002

Papa,

Asalaam alaikum. Natumaini mmeamka salama, wewe na Maman, na yeye.

Nakuja Jumamosi pamoja na Patricie. Ruhusa nimeiomba mwenyewe kwa Madame Antoinette, kwa mdomo. Aliniuliza sababu, nikamwambia yote, na kamusi, na ukurasa wa kumi na tisa, na barua nilizochana. Sauti ilinikatikia mara mbili. Madame alingoja tu, akiwa ameshika ile sweta yake kifuani. Nilimaliza.

Nikifika mlangoni usinisemee. Ukiona nimenyamaza, usinijazie. Hata kama Nzabonimana atanifokea, niache.

Habari hii sitaiandika tena.

Nimefunga leo, Papa. Nasema tumbo. Mdomo nitaufungua Jumamosi.

Binti yako,
Umwali